Uzi Mweusi Begani

Jumamosi hiyo studio ya Hemedi ilijaa wanafunzi mpaka mlangoni, na koti lilikuwa moja.

Lilikuwa koti la kiume, jeusi, lenye mabega mapana. Mtu mwembamba alipolivaa, Hemedi alilibana kwa nyuma na vibanio vya nguo. Mtu mnene alipolivaa, alimwambia asihangaike na vifungo, ashike pumzi tu. Ulikuwa mwaka wa tisini na nne, na chuo kilikuwa kimefungua Ofisi ya Ajira mjini Kisumu, ghorofani, karibu na posta. Humo Madam Nasipwondi alikuwa ameanza kumfungulia kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho faili lake: umesoma nini, ulifanya kazi gani wakati wa likizo, unaweza nini ambacho hukufundishwa darasani, nani atakusemea, na ungependa kufanya kazi wapi. Makampuni yangetuma watu wao wayasome mafaili hayo na kuchagua. Picha, Madam alisema, iwe ya heshima. Wanafunzi walielewa kwamba heshima ni koti, na koti lilikuwa kwa Hemedi.

Obiero alikuwa ameshapigwa picha yake, lakini alikuwa bado amesimama nalo mbele ya pazia, mikono mfukoni, kana kwamba anafikiria jambo.

"Vua basi, bwana, na sisi tupate," sauti ya msichana ikasema nyuma yake.

"Ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Umeshapigwa. Ama unataka kwenda nalo nyumbani?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Obiero akageuka. Msichana alikuwa amevaa gauni la njano lenye kola nyeupe, nywele zimesukwa zikarudishwa nyuma, na alikuwa amenyoosha mkono kama mtu anayedai chenji yake. Hakukuwa na njia. Akalivua. Chini yake kulikuwa na shati la buluu lenye mistari, na begani shati hilo lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweusi, mishono mikubwa mikubwa, mmoja kaskazini, mwingine kusini.

"Oo," msichana akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Kumbe ndiyo maana."

"Uzi wa buluu ulikuwa umeisha dukani."

"Duka la wapi?"

"Nyumbani. Pap Onditi."

"Pap Onditi? Shangazi yangu anauza vitambaa soko hilo hilo. Kuna uzi wa kila rangi. Sema tu ulishona mwenyewe."

"Nilishona mwenyewe."

"Hiyo inaonekana."

Akalivaa koti. Mikono yake ikapotelea ndani ya mikono ya koti, akajitazama kwenye kioo, kisha akamtazama Obiero. "Naonekana kama nani?"

"Kama karani wa mahakama aliyekuja kuuza shamba la mtu."

Msichana akacheka mpaka akajishika mbavu. Hemedi akatoa kichwa nyuma ya kamera. "Usicheke! Hii ni picha ya kazi. Anayecheka haajiriwi."

Basi akanyamaza, akakaza uso, akapigwa. Lakini alipotoka nje alimkuta Obiero amesimama kando ya barabara, na safari hii Obiero hakuwa na sababu yoyote ya kusimama.

"Naitwa Obiero," akasema.

"Mimi Dorca. Kwetu Bondo. Na shati hilo ulilete, nitakufumulia hiyo kazi yako niishone upya."

Hakulifumua kamwe. Kila alipotaka kuanza, walijikuta wanaongea mpaka jioni.

Mapenzi yao yalikua hivyo, kwa mazungumzo na kwa mafaili. Jioni walikaa kwenye kibanda cha chai karibu na posta, karatasi magotini, wakijaza faili polepole. Obiero alisomea uhasibu. Dorca alisomea mambo ya samaki. "Unaweza nini ambacho hukufundishwa darasani?" Dorca alimsomea swali siku moja.

"Kunyamaza."

"Hiyo siyo kazi, wuod Nyakach." Ndivyo alivyomwita, mwana wa Nyakach, eneo la Pap Onditi, naye alimwita nyar Bondo, binti wa Bondo, na alipokuwa na furaha sana alimwita jaber, mrembo. "Andika unaweza kusikiliza. Watu wa benki wanapenda hiyo."

Jumapili moja walikwenda Dunga kula samaki. Mpiga picha wa ufukweni akawapanga mbele ya mitumbwi, Obiero katika shati lake la buluu, Dorca katika gauni lake la njano, kichwa chake kikigusa bega lenye uzi mweusi, mkono wake umezunguka mgongoni kwa Obiero na vidole vimetokea begani upande wa pili. Kabla kamera haijalia, korongo mmoja mkubwa alimnyatia mama mwenye beseni nyuma yao, akanyakua samaki mzima na kuondoka naye kwa hatua za mheshimiwa. Mama akapiga kelele. Dorca akaangua kicheko, Obiero naye, na hivyo ndivyo picha ilivyowakamata. Ilitoka nakala moja tu, maana filamu ya mtu yule iliingia maji baadaye. Dorca aliiweka kwenye fremu juu ya redio, katika sebule ya Mama Opiyo, aliyempangisha chumba mtaani Manyatta.

Ugomvi ulikuja kwenye swali la mwisho.

Obiero alikuwa ameandika Kisumu bila kufikiri, kama mtu anavyoandika jina lake. Akachungulia karatasi ya Dorca. Ilisema Mombasa.

"Mombasa kuna nini?"

"Kuna bahari. Kuna watu wanaochunguza samaki wa baharini."

"Samaki wa hapa hawakutoshi?"

"Hawa nawajua tangu nikiwa mtoto. Nataka kuwajua wale wa chumvi."

"Na mimi?"

"Wewe ni samaki?" Dorca akacheka, lakini akacheka peke yake.

"Andika Kisumu, Dorca."

Kicheko kikaisha. Akaweka kalamu chini. "Unaniomba ama unaniamuru?"

Obiero mwenyewe hakujua. Mama yake alikuwa Pap Onditi, na yeye ndiye mtoto pekee aliyekuwa karibu; bila Kisumu hakuona maisha yake yakae wapi, na bila Dorca hakuona yakae vipi. Alitaka kusema hayo yote. Akasema, "Chai yako inapoa."

Asubuhi iliyofuata, kabla hajarudi kwenye maneno yale, akaletewa habari kwamba mama yake ana homa kali. Akaondoka na shati moja.

Homa ilichukua muda kushuka. Mama yake alipoanza kula uji na kulalamika kwamba hauna sukari, Obiero alijua amepona, akaenda sokoni kwenye duka lililokuwa na simu. Nyumba ya Mama Opiyo haikuwa na simu. Ujumbe wao ulipita kwa jirani, Mzee Wepukhulu, muuza vipuri vya baiskeli, mtu aliyeogopa simu kama watu wengine wanavyoogopa sindano.

"Halo! Nani huyo?"

"Mzee, ni mimi, Obiero. Naomba niitie Dorca."

"Dorca hayupo. Amekwenda ofisini huko kwenu, ana haraka kama moto. Amesema ukipiga nikuambie..." Kukasikika mlio wa mtu anayegonga rimu kwa nyundo. "Amesema uende ukapigwe picha."

"Nikapigwe nini?"

"Picha! Uende ukapigwe picha. Na usivae koti."

"Mzee, koti gani? Amekasirika?"

"Mimi sijui mambo ya vijana. Alisema kwa sauti kubwa. Halafu akasema na ile ya..."

Simu ikakatika. Obiero akapiga tena. Laini ilikuwa imejaa kelele kama mafuta ya kukaangia. Akatoka dukani, akasimama juani kati ya wauza viazi na wauza mitumba, akiyageuza maneno yale. Uende ukapigwe picha. Kwao, mtu aliyekuchoka hakuambii hivyo. Lakini mtu anayekupenda naye hakuambii hivyo. Na koti liliingiaje?

Ijumaa, saa za mchana, alifika Manyatta. Mama Opiyo alikuwa kibarazani akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo.

"Karibu, baba. Mama amepona?"

"Amepona, Mama, asante. Dorca yupo?"

"Amepanda gari asubuhi kwenda Bondo. Atarudi jioni. Ingia ukae, kuna maji kwenye mtungi."

Aliingia. Sebule ilikuwa na baridi nzuri, vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono vimetandikwa juu ya kila kiti. Juu ya redio ilikuwepo fremu yao. Obiero aliinyanyua kwa tabasamu, halafu tabasamu likamkauka usoni.

Dorca hakuwa na kichwa.

Obiero mwenyewe alikuwepo mzima, anacheka, mitumbwi nyuma yake, korongo akiondoka na samaki wake. Gauni la njano lilikuwepo. Lakini palipokuwa na uso wa Dorca palikuwa na tundu la mraba, limekatwa kwa makasi na mkono usiotetemeka, na kupitia tundu hilo lilionekana kadibodi la nyuma ya fremu. Kipande cha bega la Obiero kilikuwa kimekwenda pamoja na uso huo.

"Mama," aliita, na sauti yake haikumfurahisha. "Nani amefanya hivi?"

"Si yeye mwenyewe? Jana alikuja mbio akaniazima makasi. Nikamuuliza, wee, unakata nini, akasema, 'Mama, acha tu, sina njia nyingine.'"

"Alikuwa analia?"

Mama Opiyo alifikiri, omena mkononi. "Kitunguu kilikuwa jikoni," akasema mwishowe. "Siwezi kukuambia kwa hakika."

Obiero alirudisha fremu mahali pake, akiigeuza kuelekea ukutani, kisha akaona haya, akaigeuza tena. Sina njia nyingine. Uende ukapigwe picha. Aliyaweka maneno hayo pamoja na yakatoa maana moja tu, na maana hiyo ilimkaa kifuani kama ugali mbichi. Msichana aliyeulizwa kama ni Kisumu au Mombasa alikuwa amejitoa kabisa pale aliposimama.

Lakini si Dorca huyu. Dorca angesema. Angesema mbele ya watu wote, kibandani, na angemaliza chai yake kwanza. Obiero alishika hilo, likamponyoka, akalishika tena. Akatoka. Miguu yake ilimpeleka ghorofani kwenye Ofisi ya Ajira kabla kichwa chake hakijakubali.

Madam Nasipwondi alikuwa mwanamke mrefu, kilemba cha zambarau, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Alikuwa anafunga madirisha.

"Madam, nataka kubadilisha kitu kwenye faili langu. Pale pa mahali pa kufanyia kazi."

"Unataka wapi sasa?"

"Lodwar."

"Lodwar! Kule jangwani?" Akavaa miwani amwone vizuri. "Umemkosea nani?"

"Sijui, Madam. Hilo ndilo sijui."

Alifungua kabati la chuma, akatoa faili, akalifungua, na badala ya kalamu akamwekea mbele picha yake mwenyewe: uso umekazwa, koti jeusi, mabega mapana. "Kwanza tumalize hili. Hii haiingii. Ulikuwa wapi wiki hii? Tangazo liko mlangoni tangu Jumatano."

"Nilikuwa nyumbani, mama alikuwa mgonjwa."

"Pole sana. Basi sikiliza. Alikuja bwana mmoja kutoka kiwanda cha samaki kusoma mafaili. Akafungua la kwanza, akafungua la pili, akafika la tano akaanza kucheka. Akaniuliza, 'Madam, hawa vijana wako wanavaa koti hili kwa zamu?' Wavulana, wasichana, wote koti moja! Nikaona aibu, Obiero. Nikasema picha zote za koti zitoke, kila mtu alete ya nguo zake mwenyewe, mwisho leo. Na umeme wa mtaa wa kina Hemedi nao ukaamua kupotea wiki hii hii. Wengine wameniletea picha za ubatizo."

Obiero alishika ukingo wa meza. "Usivae koti," akasema.

"Ndiyo. Usivae koti."

"Uende ukapigwe picha."

"Ndicho ninachokuambia, kijana. Unaumwa?"

Madam, akidhani hajaelewa, akavuta faili jingine. "Ona, kama hii. Hii ndiyo nzuri kuliko zote. Wote wananitazama kama wako polisi, huyu peke yake anacheka. Yule bwana wa kiwanda amerudi leo, amemwandikia aje Jumatatu waongee."

Ilikuwa Dorca. Dorca wa Dunga, macho yamefumba nusu kwa kicheko, kola nyeupe. Na kando ya shavu lake, ukingoni mwa picha, palikuwa na pembe ya shati la buluu lenye mistari, na juu yake mishono ya uzi mweusi, mmoja kaskazini, mwingine kusini.

"Nilimwambia hilo bega alikate, linaharibu," Madam Nasipwondi akasema. "Makasi haya hapa. Akakataa. Akasema, 'Madam, mimi nikikata hapo picha itakuwa si ya kweli, kwa sababu ndilo ninalolicheka.'"

Obiero akalivuta faili karibu. Chini ya picha, kwenye swali la mwisho, Dorca alikuwa hajabadilisha kitu. Ilisema Mombasa. Hakuandika Kisumu kumpendeza, na hakumkata bega. Mambo hayo mawili yalikaa kwenye ukurasa mmoja bila kugombana. Ni yeye tu aliyedhani lazima moja limfukuze jingine.

"Lodwar, basi?" Madam akauliza.

"Hapana, Madam. Naomba kalamu."

Akaacha Kisumu palepale ilipokuwa. Mbele yake akaongeza: au Mombasa. Ndugu yake aliyekuwa Nakuru angeweza kuandikiwa barua kuhusu mama. Kwa miaka yote hakuna aliyewahi kumwomba, maana Obiero hakuwahi kuomba kitu.

"Na picha? Nafunga saa kumi na moja."

"Ninayo," Obiero akasema, akiwa tayari kwenye ngazi.

Mama Opiyo alimwazima makasi bila kuuliza, ila alisema kwa Mungu, nyumba hii imeingiwa na nini. Obiero alitoa picha kwenye fremu, akakata uso wake kwa mraba, kwa uangalifu wa mtu wa mahesabu. Aliporudi ofisini akihema, Madam alikuwa na funguo mkononi. Alisogeza picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Unacheka. Vizuri. Na hivi vidole vilivyo begani ni vya nani?"

"Ni vya mwenye lile faili, Madam."

Madam Nasipwondi alitazama vidole, akatazama faili la Dorca, akamtazama Obiero. Akapaka gundi, lakini alipokuwa anafunga kabati aliuma midomo asicheke.

Dorca alirudi jua likiwa linatelemkia ziwani, viatu vyake vimejaa vumbi la Bondo, barua ya mwalimu wake mkuu wa zamani, yule wa kumsemea, ndani ya bahasha ya kaki. Alimkuta Obiero sebuleni.

"Mama amepona?"

"Amepona. Amekataa uji."

"Basi amepona." Akaweka bahasha juu ya redio, na hapo akaiona fremu. Watu wawili, gauni la njano na shati la buluu, wameegemeana mbele ya mitumbwi, hakuna hata mmoja mwenye kichwa. Mkono wake ukaenda mdomoni. "Obiero. Nani amekukata?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa hasira?"

"Hasira ilikuwa kabla ya hapo. Hii ni ya faili."

"Sikukuachia ujumbe kwa Mzee Wepukhulu? Nilimrudia mara mbili! Uende ukapigwe picha usivae koti, na ile ya Dunga nimeikata kwa sababu Hemedi hana umeme, usije ukashtuka."

"Ya Dunga haikufika. Simu ilikatika. Ulifika ule wa kupigwa picha peke yake."

"Peke yake?" Dorca akakaa chini taratibu juu ya kiti. "Wee! Kwa hiyo wewe umepiga simu, umeambiwa uende ukapigwe picha, halafu umekuja hapa umenikuta sina kichwa?"

"Ndivyo."

"Mos, jamani. Pole." Alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Kutoka kibarazani Mama Opiyo naye akacheka, bila kujua ni nini. "Ukafikiri nini?"

"Nilitaka kwenda Lodwar."

"Lodwar hakuna hata samaki wa maana, isipokuwa uende mpaka ziwa Turkana." Akapangusa macho. Kisha akawa makini. "Sikubadilisha Mombasa."

"Nimeona. Nami nimeiongeza kwenye yangu. Kisumu au Mombasa."

"Nani amekuambia uiongeze?"

"Hakuna. Bwana wa kiwanda cha samaki amekuandikia uende Jumatatu muongee; wakikuchukua hapa, sawa. Na kama ni bahari, sawa." Akatafuta maneno, na safari hii hakuyaachia chai. "Dorca, nataka uolewe na mimi."

Nje mtu alipita na baiskeli akipiga kengele. "Na hapo," Dorca akasema, "unaniomba ama unaniamuru?"

"Naomba. Sasa najua tofauti."

Akachukua fremu, akaitoa picha, akaipeleka usoni, na jicho lake moja likamtazama Obiero kupitia mahali kichwa chake mwenyewe kilipokuwa. Alimtazama hivyo, bila haraka, kama anayekagua bidhaa. Kisha akaishusha, na uso wake ulikuwa uleule wa Dunga.

"Umeme ukirudi kesho, twende kwa Hemedi tupige nyingine," akasema. "Siwezi kupelekwa Pap Onditi kwa mama yako sina kichwa."